Mbegu za Mama Atupele na Pumzi ya Mpunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunipa kiti. Alinipa ndoo ya barafu na fungu la machipukizi ya mpunga. "Kijana, saga upesi," alisema. "Seli ikipata joto imeharibika. Shahada yako utatuonyesha baadaye."

Ndivyo nilivyoingia katika utafiti wa mitokondria, vile vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu. Tulisaga machipukizi katika kinu cha kaure, tukachuja, kisha tukatia uji wake katika sentrifuji, mashine izungukayo kwa kasi hadi vizito vitengane na vyepesi. Mwisho tulipima jinsi mitokondria zilivyovuta oksijeni. Mtu asiye na subira hakudumu humo, na ilikuwa haki asidumu.

Baadaye nilihamishiwa kituo kidogo cha utafiti Kyela. Soko huria lilikuwa limeanza, na mfanyabiashara mmoja wa Bondeni, mtaa wa pale Kyela, alikuwa na friza mpya iliyotupatia barafu. Swali langu lilikuwa hili: kwa nini baadhi ya mpunga huota mapema hata shamba likifunikwa na maji? Nilikusanya mbegu kwa wakulima, nikapima. Za Mama Atupele, mkulima wa Ipinda, zilizishinda nyingine zote. Niliandika makala nikidai nimegundua aina bora. Jarida la ng'ambo likaikubali, na kwa ajili yake Mkurugenzi wa Kituo akapendekeza nipandishwe kuwa mtafiti mwandamizi. Nilikitamani cheo hicho kuliko ilivyofaa.

Makala ikiwa haijachapishwa bado, nilirudi Ipinda kuomba mbegu zaidi. Nilimkuta Mama Atupele akizianika mkekani, kivulini.

"Mbona zimelowa, mama?"

"Nimeziloweka, sasa nazikausha. Za kwako huwa nazifanya hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja mara ya kwanza. Tata, baba yangu, wewe ni mgeni. Nikupe mbegu kavu zigome kuota, watu wakucheke? Mikono yenyewe nimeiona, haijui jembe!" Alicheka hadi jirani akachungulia uani.

"Ndaga fijo, mama," nilimshukuru.

Wakulima wengine walinipa mbegu kavu, kama zilivyotoka ghalani. Kumbe sikuwa nimepima aina ya mpunga. Nilikuwa nimepima fadhila ya mwenyeji. Maji yaliziamsha mitokondria, na kukauka hakukuzirudisha usingizini kabisa. Kosa halikuwa lake. Nilijua kuendesha mashine za thamani, lakini sikumwuliza mkulima swali moja jepesi, kwa kuwa nilidhani hana la kunifundisha. Majivuno ya msomi ni uvivu uliovaa koti jeupe.

Nilimweleza Mkurugenzi.

"Makala imekwisha kubaliwa," alisema. "Nani huko Ipinda anasoma jarida la ng'ambo?"

"Mimi nalisoma, Mkurugenzi."

Alinisogezea karatasi. "Basi barua ya kuiondoa andika wewe. Na mimi naiondoa ile ya cheo."

Cheo kikaenda kwa mwenzangu, naye alikistahili. Misimu miwili iliyofuata niligawa mbegu za gunia moja: nusu niliziloweka na kuzikausha, nusu niliziacha. Zilizolowekwa zikashinda kila mara. Makala ya pili ilidai machache kuliko ya kwanza, lakini yote ya kweli. Watafiti wa nchi nyingine wakaitumia, wakarudia vipimo vyetu kwa nafaka zao, wakatuandikia. Mkurugenzi alisoma barua mojawapo kikaoni, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Ulinitia aibu kwa faida."

Nimestaafu bila cheo kile, na ninalala vizuri. Enyi vijana wa maabara, elimu hukua pale mtu anapokubali kusahihishwa, hata na mkulima asiyejua neno mitokondria.

Wiki niliyostaafu nilimpelekea Mama Atupele makala ile ya pili, nikamfasiria sehemu inayoeleza kwamba wakulima wa Ipinda huloweka mbegu mchana mmoja kabla ya kupanda.

"Nani kakwambia mchana mmoja?" aliuliza. "Ni mchana na usiku wake. Tata, hukuuliza tena!"

Nilirudi nyumbani nikamwandikia mhariri barua ya masahihisho.