Furushi Lisilojaa Jumamosi

Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya duka la mabati mjini Ogembo. Hapo ndipo ninapotunza mfumo wa ujumbe wa kiwanda kidogo cha chai. Gunia likipimwa katika kituo cha kununulia majani, mzani hutuma ujumbe, na kiwanda kikiupata huagiza lori. Majani mabichi hayana subira. Yakikaa ndani ya gunia hupata joto, huwa meusi, na hapo hakuna anayeyataka.

Mwaka huu tulihamishia ujumbe wetu kwenye hifadhi ya mtandaoni ya bei nafuu. Hifadhi hiyo ni nzito kuandika: uipelekee ujumbe mmoja au elfu moja, huchukua muda uleule. Kwa hiyo mzani haupaswi kutuma ujumbe mmoja mmoja. Huufunga pamoja, na furushi huondoka likijaa, au muda wa kungoja ukiisha. Muda huo nilipaswa kuuchagua mimi. Niliandika muda wa saa tatu nzima, kwa kiburi tu, maana siku za kazi foleni ni ndefu na furushi lilijaa upesi. Nikajiona fundi kwelikweli. Ijumaa, kabla jua halijatua, nikafunga kompyuta, kwa kuwa sisi Waadventista hatugusi kazi siku ya Sabato.

Kijijini kwetu karibu wote ni Waadventista. Anayechuma chai Jumamosi ni jirani yetu mmoja, Mkatoliki, mjane, ambaye alikuwa akinipa uji nikitoka shule. Jumamosi ile alipimiwa magunia mawili saa nne asubuhi. Ujumbe wake ukabaki ndani ya mzani ukingoja wenzake, nami niko kanisani naimba. Lori lilifika saa nane. Karani wa kiwanda aliyekuja nalo alitia mkono ndani ya gunia, akautoa, akatikisa kichwa.

Mama yangu ndiye aliyenisimulia, bila kujua anamsimulia nani. Sikulala vizuri. Jumapili, alipotoka misa, nilimkuta mjane huyo akimwaga majani meusi chini ya migomba yawe mbolea. Ulimi uliniwasha niseme ni mtandao. Nikamwambia ni mimi. Nilimweleza habari ya furushi kwa Kigusii, na ilikuwa kazi, kwa sababu mambo haya nilijifunza kwa lugha nyingine kabisa.

Alisikiliza mpaka mwisho, huku akikung'uta gunia.

“Kwa hivyo mashine yako ilikuwa inangoja tuwe wengi,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Na mimi, mwanangu, tangu tumzike mzee wangu, niko peke yangu.”

Nilichukua gunia la pili, nikammwagia.

Jumatatu nilipunguza muda wa kungoja hadi dakika tano. Siku nyingine furushi hujaa, siku nyingine halijai. Jumamosi huondoka na ujumbe mmoja tu, wa kwake.