Kibuyu cha Wifi Rogathe

Msiniambie habari za mtindi wa pakiti. Mimi nilionja mtindi wa wifi yangu Rogathe, dada wa marehemu mume wangu, nikiwa bado bibi harusi mgeni huku mlimani, na tangu siku hiyo mtindi mwingine naunywa basi tu. Siku za gulio tulishuka naye mpaka Makanya, yeye na kibuyu chake, mimi na ndizi. Wachimba jasi wakimwona tu, nyuso nyeupe kwa vumbi, wanaanza kugombania vikombe. "Wewe na ndizi zako mbichi, nani alikuoa?" ananitania. Namjibu, "Kaka yako, alichoka kukuangalia wewe." Tunacheka njia nzima kurudi. Jamani, siku zile!

Kibuyu alikirithi kwa mama yao. Hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Kilifukizwa kwa kijinga cha mzeituni pori, na mtindi haukumalizwa wote. Kidogo kilibaki ndani cha kugandishia maziwa mapya. Masalia yale mama yao aliyapata kwa mama yake. Kumwazima mtu kibuyu kile? Thubutu!

Kisha sukari ikamwingia, ikapanda mpaka machoni. Akaanza kuona vidoa vyeusi vinaelea kama masizi. Daktari wa macho wa Same mjini akasema mishipa midogo nyuma ya jicho, kwenye retina, inavuja. Aende Moshi akapigwe leza, ule mwanga wa kuchoma mishipa inayovuja, mapema, la sivyo atapofuka. Rogathe akaitikia vizuri kabisa, "Ndiyo, baba." Tulipotoka nje akasema, "Nani achomwe jicho? Labda wewe."

Mwanawe Asheri, aliyeko Dar, naye alikuwa amesikia kwamba bakteria wazuri wa tumboni huenda wakasaidia hata macho. Akatuma kopo la vidonge, kisha akapiga simu. "Mama, humo mna bakteria hai, kama wale wa kwenye mtindi." Basi! Wifi yangu hakusikia neno jingine. Alivifungua vidonge vyote, akamimina unga wake ndani ya kibuyu.

"Kumeza kimoja kimoja ni ubahili," akasema. "Hawa ni mbegu. Nawapa maziwa wazaliane, nakunywa jagi zima. Leza ya nini?"

Siku ya kwenda Moshi ikapita. Mtindi ukawa unavutika kama mlenda, una harufu ya ajabu, na yeye anafumba macho anakunywa. Masalia ya mama yao yakaharibikia humo humo. Nikikumbuka, roho inaniuma mpaka leo.

Nilimgombeza mpaka majirani wakanisikia, wapi! Asubuhi moja akanimiminia chai. Chai yote ikaishia mezani, pembeni ya kikombe, na yeye bado anamimina huku anaongea. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Twende Moshi. Kama ni kunitukana, utanitukana njiani."

Daktari wa kule alikuwa binti mpole. Alimwamkia shikamoo, akasikiliza habari yote ya kibuyu bila kucheka.

"Mama, ni kweli wataalamu wanachunguza kama bakteria wa tumboni wana uhusiano na retina," akasema. "Lakini bado ni utafiti, na mwingi wamefanyia panya. Hakuna kidonge wala mtindi uliothibitishwa kutibu jicho lako. Tudhibiti sukari, na leza tufanye leo."

La kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia tuliliwahi, ila daktari alitueleza wazi kwamba leza inalinda kilichobaki, kilichopotea hakirudishi.

Tulipomaliza tukakaa kwenye benchi mpaka dawa ya macho ikapungua nguvu.

"Wifi, hiki ninachokiona sasa ndicho nitakachobaki nacho?"

"Ndicho hicho, Mungu akijalia."

"Haya, sogea."

Akanishika mashavu, akanivuta mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Akaniangalia, akaniangalia.

"Hee, wifi! Umezeeka hivi tangu lini?"

Nilicheka, halafu kicheko kikageuka kilio pale pale mbele za watu. Tangu macho yake yaanze kufifia ananitania kila siku kama zamani, na mimi sikujua kwamba alikuwa anamtania mtu ambaye uso wake hauoni tena.