Mkeka Chini ya Mijakaranda

Aibu hii nimekaa nayo kimya, lakini hasira imenizidi, acheni niitapike.

Mimi ni Mnyakyusa, mume wangu karani, tukahamishiwa Iringa, na tangu tufike sikupata hata mtu wa kuniazima ungo. Yeye kila mara yumo safarini kwenye malori, mimi na mtoto ndani. Basi mijakaranda ya bustani ya mjini ikachanua, zambarau tupu juu na chini, nikakumbuka mwalimu wetu wa jiografia alivyotusimulia kwamba Wajapani, miti yao ikitoa maua, hubeba mikeka na vyakula wakaenda kukaa chini yake kutwa nzima, wanakula na kucheka. Nikasema hapo ndipo nitapata marafiki. Nikawaalika majirani wanne, wote wakaitikia, "Haya mama, tutakuja," nikapika ndizi, nikachemsha chai, nikambeba mwanangu Tusekile mgongoni, huyoo. (Mabenchi yalikuwepo, ila sote tulijua yamewekewa Wazungu, ndiyo maana nikatandika mkeka.)

Hawakuja. Jua likawa kali, nikajitanda kanga kichwani, chai ikapoa, na mimi nikaanza kulia, kulia kweli, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

Sasa nyie mnajua huku kwetu mwanamke aliyekaa mkekani nje, kajitanda, analia, maana yake ni moja tu. Mimi na elimu yangu yote sikulifikiria hilo. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni, akautua, akakaa kando yangu.

"Pole mwanangu. Ni baba wa mtoto?"

Sauti haikutoka, nikamwonyesha kwa kidole barabara ya Mbeya, maana ndiko alikokwenda. Akaangua kilio, wapita njia wakasikia, mara mkeka umejaa, na mbele ya wote ni majirani zangu wale wale wanne, wamefunga kanga viunoni, wamebeba unga. Nikasikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba eti lori lake limepinduka Igawa, njiani kwenda Mbeya.

Nikasema, "Jamani, hakuna aliyekufa."

"Mwacheni aseme," akasema jirani yangu Mama Yustina, akinikumbatia. "Uchungu ndivyo unavyoanza."

Nikarudia kwa ukali, wakanishika wawili wakanilaza. Mpaka mzee mmoja wa kanisa alipoinama kuniuliza jina la marehemu ndipo nikaruka nikasimama. "Hakuna marehemu. Nilikuja kutazama maua, na nyie wanne niliwaita."

Wakatazama juu, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Maua haya haya?" akauliza Mama Yustina.

"Haya haya. Mbona kwa ndizi zangu hukuja, na kwa maiti umekuja mbio?"

Akauchukua unga wake. "Msiba ni wajibu. Kukaa chini ya mti bure, shamba alime nani? Siku akifa kweli, mama, tuma mtu atuambie, maana wewe tukikuona unalia hatutasimama."

Wakaondoka wote. Yule wa kuni tu ndiye aliyenisaidia kukunja mkeka, kisha akajitwika kuni zake.

Wajapani na wafanye kwao. Mimi siku hizi maua nayatazama nikitembea, na machozi yakinijia naharakisha kufika nyumbani, nafunga mlango kwanza.