Mahari Iliyotangulia Mvua

Harufu ya kiangazi nyumbani kwetu ilikuwa vumbi, moshi wa samadi na nyasi zilizokauka. Tulikaa mbele ya Kisesa, ukiiacha barabara ya Musoma na kushuka kuelekea ziwani, mahali penye mawe makubwa kuliko nyumba za watu. Ziwa tuliliona kila tukitoka mlangoni, maji tele hadi macho yanapoishia, na bado ng'ombe walikonda kila mwaka, kwa sababu ng'ombe hashibi maji. Ndiyo maana kila mfugaji aliyejiheshimu alikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa tangu masika, asikikanyage mnyama yeyote mpaka kiangazi kibane. Ngitili yetu haikuwa na uzio. Ilikuwa na mama, na mama alitosha.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la nne. Bwana shamba alikuja kwa pikipiki, tukakusanyika uwanja wa shule, akasoma utabiri wa msimu. Mvua za vuli zingechelewa kuanza na zingekuwa chini ya wastani. Wakulima wapunguze mahindi, wapande mtama wa muda mfupi, mihogo na viazi. Wafugaji nao wavune mifugo mapema. Hapo baba akanyoosha mkono. Watu wote walimwita Baba Kabula, kwa jina la dada yangu mkubwa, na walijua akinyoosha mkono hawatatoka mikono mitupu. "Samahani, mtaalamu," alisema. "Ng'ombe anavunwa? Ana masuke?" Uwanja mzima ulicheka. Bwana shamba alisubiri kicheko kiishe, akaeleza kwa upole kwamba kuvuna maana yake ni kuuza baadhi ya mifugo ingali na mafuta, kabla kiangazi hakijaivuna chenyewe. Baba alikaa chini kama mtu aliyeshauriwa akatwe mguu mmoja ili apunguze gharama ya viatu. Mama hakucheka. Alipitia ngitili wakati wa kurudi, akazitazama nyasi kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba zitawafikisha ng'ombe wetu kwenye mvua hiyo ya kuchelewa, mradi asiongezeke hata ndama.

Kuuza halikuwa jambo la kuzungumzwa mbele ya baba, kwa sababu kuuza kungeanza na Diwani. Huyu alikuwa dume letu, mwenye nundu ya kujivunia, na alipewa jina hilo kwa vile alitembea akitarajia watu wampishe. Baba alimpa habari za siku kabla hajatupa sisi. Tukiwa na mgeni alipelekwa kwanza zizini kumsalimia Diwani, ndipo akaribishwe kiti.

Sasa, dada yangu Kabula alikuwa amechumbiwa na Masunga, kijana wa upande wa Magu, mpole, mwenye aibu, ambaye akija kwetu alikuwa akiongea zaidi na mbwa. Walipendana kweli. Tatizo lilikuwa mahari. Baba alitaka ng'ombe ishirini, upande wa Masunga ulitoa wanane, na tangu hapo mshenga akawa haonekani, kila siku ana msiba au mguu unamuuma. Halafu, siku chache tu baada ya mkutano, mshenga huyo huyo akatokea anatweta. Ukoo wa Masunga ulikuwa tayari kuleta mahari. Tena mara moja. Tena kuzidi ile iliyotajwa.

Baba alifurahi mpaka akaenda kumweleza Diwani. "Wameiona thamani ya mwanangu," alisema.

"Wameona nyasi zao," mama alijibu bila kuinua kichwa kwenye dagaa aliokuwa akichambua. "Bwana shamba kwao pia amepita."

Nilimwona baba akipiga hesabu usoni. Watu wale walikuwa wanataka kuvuna mifugo yao kwa kuitumbukiza kwetu, kwa heshima zote, na shukrani tuwape sisi. Kukataa kungekuwa tusi. Kukiri kwamba huna malisho kungekuwa aibu, hasa kwa mtu ambaye dume lake lina cheo. Basi akaamua kupambana.

Walikuja Jumapili na Masunga mwenyewe, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee aliyevaa koti la sufu katika jua lile. Mimi na Kabula tulikuwa jikoni, tumebandika masikio kwenye ukuta wa udongo. Kila aliyewahi kusikia majadiliano ya mahari anajua utaratibu wake: wenye binti wanamsifu, wenye kijana wanamtafutia kasoro. Siku ile dunia iligeuka.

"Binti huyu," mzee wa koti alianza, "mrefu, ana adabu, amemaliza kidato cha nne. Sisi tukitoa ishirini na watano tutakuwa tumewapunja."

"Mnatuzidishia sana," baba akasema haraka. "Urefu wenyewe si mkubwa hivyo. Pengine mlimwona amesimama juu ya jiwe."

"Na mchapakazi!"

"Akiamshwa. Na ugali wake, niwe mkweli, una madonge. Mimi nadhani saba wanatosha."

"Saba? Mtoto wa watu? Thelathini!"

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga ya mama. Kisha nikamtazama Kabula. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakukuwa na kitunguu. Alikuwa ameishi akisikia wasichana wakitajwa kwa wingi wa ng'ombe wao, na sasa baba yake mzazi alikuwa akimshusha kwa sauti ya watu kusikia. Nje, mzee wa koti alikuwa ameshafika mwisho wa uvumilivu. Nilisikia kiti kikisukumwa. "Kama binti mwenyewe hafai kiasi hicho," alisema, "labda tulikosea nyumba." Masunga alitamka neno lake la pekee siku ile, "Baba mkubwa," na hakuna aliyemsikiliza.

Mama alimkabidhi Kabula jagi na beseni. "Kawanawishe," alimwambia. "Hakuna anayeondoka kwangu bila kula." Dada akatoka na macho yake mekundu, akapiga magoti mbele ya kila mgeni, "Shikamoo, shikamoo," akimimina maji. Alipofika kwa baba alimimina bila kutazama, na maji yakamwagika kwenye suruali ya baba, ile nzuri. Baba hakufoka. Alimtazama usoni kwa muda, mikono yake ikiwa bado juu ya beseni.

"Waleteni," alisema. "Hao thelathini. Mwanangu ni wa thelathini."

Wageni walipoondoka mama alimuuliza atawalisha nini. Siku ya mnada alitoka alfajiri na Diwani, na jioni akarudi na kamba begani, nyuma yake mkokoteni umejaa mashudu ya pamba ya kulishia ng'ombe. Hakula. Wiki zilizofuata akawapeleka mnadani na ng'ombe wetu wengine wa zamani, mmoja baada ya mwingine, huku ngitili ikiachiwa ng'ombe wa Kabula. Mama alipanda mtama na viazi pale tulipozoea mahindi.

Mvua ilichelewa kama tulivyoambiwa, na ilipokuja ilikuwa kama imetumwa kwa lazima. Waliosubiri waliuza mifupa. Kijiji kizima kikamsifu baba kwa kuuelewa utabiri, na mkutano uliofuata akaombwa atoe somo. Alisimama akaeleza kuvuna mifugo kwa madaha, utafikiri neno lile alilizaa yeye. Mimi nilijua. Asubuhi nyingi nilimsikia zizini akianza kusimulia habari za jana, kisha akinyamaza katikati.

Siku hizi utabiri wa msimu unanikuta kwenye simu hapa mjini, Mkolani, na baba hayupo tena wa kuuliza maswali. Kabula na Masunga wanaishi Igoma kwenye kiwanja kisichozidi upana wa zizi letu la zamani. Mwaka huu binti yao alichumbiwa, mahari ikaja yote kwa simu, mlio mmoja, shughuli ikaisha kabla chai haijapoa. Masunga, yule asiyeongea, akamwambia mshenga arudishe sehemu na alete ng'ombe mmoja anayepumua. Vuli imetabiriwa kuwa haba na bei ya mashudu haishikiki, lakini ng'ombe yupo, amefungwa chini ya dirisha la chumba cha wageni, na jirani ameshalalamika mara mbili juu ya maua yake.

Kabula alinipigia akicheka hadi akakohoa. Alikuwa amemuuliza mumewe kama amerukwa na akili.

"Unajua alinijibu nini, Minza? Eti, 'Baba yako alihangaika kwa ajili yako. Mimi kwa mwanangu nihangaike na nini, na ujumbe wa simu?'"

Kicheko kikamwishia hapo, akaniuliza kama nakumbuka baba alivyorudi na ile kamba begani.