Shemeji Aliyesahau Kikonzo

Kipaza sauti cha betri kina mluzi wake, ule unaotoka kabla mtu hajasema neno, mwembamba, wa kukereketa meno. Hata leo nikiusikia, uwe wa harusi au wa mhubiri wa sokoni, miguu yangu hutaka kukimbilia unakotoka. Ugonjwa huo niliupata Bwera, kwetu Wakonzo chini ya mlima, karibu na mpaka wa Kongo, miaka ya sitini mwanzoni, Uhuru ukiwa umeanza kunukia, nami nina miaka tisa na sauti kubwa kuliko mwili.

Wiki hiyo lori la bluu lilikuja kutoka Kasese na vumbi lake lote, likasimama mbele ya baraza ya baba yangu, aliyekuwa fundi cherehani karibu na soko. Akashuka mwanamume mwenye kaptula iliyopigwa pasi na soksi nyeupe zilizofika magotini. Sisi watoto tulimpa jina la Bwana Soksi kabla hajamaliza kujipangusa. Alikuwa anagombea ubunge na, kama alivyomweleza baba huku amemshika mkono kwa mikono yake miwili, alikuwa mtu wa ukoo wetu. Baba alifurahi hata akashona kola ya mteja upande upande. Mgeni akapewa chumba cha kaka zangu.

Shida ya Bwana Soksi ilikuwa moja, lakini ya aibu. Alikuwa ameishi miaka mingi Kenya, kwenye kazi ya reli, na Kikonzo kilikuwa kimemtoka. Alikuja kuomba kura za Wakonzo kwa kuwa yeye ni Mkonzo, na hakuweza kumsalimu bibi kizee akaeleweka.

"Shemeji," alimwambia mama, "wewe nisaidie. Watu ya hapa iko na masikio kali. Wakisikia Kikonzo yangu ya kuvunjika, kura imekwisha."

Mama akakubali. Basi alasiri tatu mfululizo walikaa uani, yeye akimenya muhogo, mgombea akiwa kwenye kigoda na daftari magotini. "Wasibire," mama alisema, maana yake umeshindaje. "Wasipire," akajibu Bwana Soksi. "Wasibire!" Akikosea mara ya tatu, mama aligonga kigoda kwa mpini wa kisu, naye akashtuka kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulijificha nyuma ya jiko tukicheka hadi mbavu zikauma.

Hapa niseme jambo ambalo Bwana Soksi hakuuliza na hakuna aliyemwambia. Mama alikuwa Mtoro, mtu wa Toro, ufalme uliokuwa ukitutawala. Baba alimpata upande wa Fort Portal alipokwenda kujifunza ushonaji. Kikonzo alifundishwa na mama mkwe wake, akakijua hadi wageni sokoni walimuuliza anatoka mteremko gani wa mlima. Baba peke yake ndiye aliyemwita Akiiki, jina la mapenzi la Kitoro, na hilo ndani ya nyumba.

Siku ya mkutano ilikuwa Jumamosi. Sikula asubuhi. Baba alikuwa ametushonea watoto kumi na wawili, tuliochaguliwa kumwimbia mgombea, nguo za kitambaa kimoja cha kijani, mama akazitia wanga wa muhogo, zikawa zinakwaruza kwapa kama majani ya mahindi. Mimi nilikuwa kiongozi wa kwaya. Tulipandishwa juu ya lori lenyewe! Kutoka kule juu niliona uwanja mzima: watu wa mlimani na fimbo zao, wanawake wamebeba watoto, wafanyabiashara waliovuka kutoka Kongo kuja kutazama tu. Ngoma zilipoanza, mbao za lori zilitetemeka mpaka kwenye nyayo zangu. Nikaanzisha wimbo: "Mtu wetu, mlima wetu!" Uwanja ukaitikia. Mimi, Biira wa fundi cherehani, nilisema na uwanja ukajibu.

Bwana Soksi akashika kipaza sauti. "Wasibire!" Safi kabisa. Watu walipiga vigelegele hadi vikongwe wakafuta machozi.

Kisha akaingia Kiswahili, na hapo ulimi wake ukafunguka. Akataja mambo ya kweli: kwamba tulitawaliwa kutoka Toro, kwamba watoto wetu walinyimwa nafasi za shule, kwamba tulidharauliwa. Watu wakanguruma. Naye akanogewa. "Mimi iko mutoto ya mulima huu! Kura ni ya damu! Hawa Watoro wamejaa mpaka ndani ya manyumba yetu, wafanye nini?"

"Warudi!" mtu akapaza.

"Wafanye nini?"

"Warudi!" tukajibu wote, na mimi nikiruka juu ya lori, nikipaza kuliko wote, kwa sababu ilikuwa tamu, ilikuwa kama wimbo.

Akarudia Kikonzo ili afunge. Alipaswa kusema kwamba yeye amerudi nyumbani. Akafika kwenye neno la mwisho, likampotea. Akakohoa. Akaangalia daftari. Kicheko kidogo kikaanza pembeni, na jasho likamtiririka. Macho yake yakamtafuta mama katika umati.

Mama alikuwa amesimama mbele, kitambaa chake kichwani. Alimwangalia kitambo. Kisha akasema kwa sauti wazi: "Eka."

"Eka!" akapaza Bwana Soksi, na uwanja ukalipuka. Nyumbani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba neno hilo ni lilelile kwa Kikonzo na kwa Kitoro.

Jioni ile mama alimnawisha mgeni mikono kama kawaida. Maji yakiwa yanamwagika akauliza kwa upole: "Sasa, shemeji, nirudi leo au nile kwanza?"

Bwana Soksi akamtazama baba. Baba akasema, "Mke wangu ni Mtoro."

Bwana Soksi akakung'uta maji mikononi. "Shemeji, ile ni siasa tu," akasema. "Wewe ni wetu."

"Basi kawaambie wale uliowaambia."

Hakuwaambia. Kesho yake lori liliondoka mapema, na uchaguzi alishinda. Sisi tulibaki na "Warudi!" Watoto walituimbia njiani kwenda kisimani, wengine bado wamevaa nguo zile za kijani, na kwa miezi kadhaa muhogo wa mama sokoni ulinunuliwa mwisho.

Miaka ya sabini, nikiwa mwalimu na nina watoto wangu, nilimuuliza mama kwa nini hakumwacha yule mtu aaibike.

"Alikuwa mwanafunzi wangu," akasema. "Ungemwacha wako?"

Nikacheka, nikadhani tumemaliza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijifariji kwamba katika kelele za siku ile hakunisikia mimi.

"Na halafu," akasema, akiendelea kuchambua maharagwe, "ulikuwa na sauti nzuri sana juu ya lile lori. Niliitambua katikati ya zote."