Mbegu Zilirudi Kesho

Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi wa Tanga tuna ugonjwa wa kuona Kiswahili ni chetu, wengine wote wameazima. Nilipopangiwa shule ya msingi huku Kibondo, upande wa Kumsenga, nilikuja na ugonjwa huo mzima mzima. Wiki ya kwanza tu nikaweka sheria darasa la tano: Kiha, lugha yao ya nyumbani, kiishie getini. Shule yenyewe haina geti, ina mikaratusi miwili, lakini walinielewa. Aliyeteleza alichota ndoo mbili za kumwagilia maua ya ofisini. Nilijua nawasaidia.

Oktoba, mvua za kwanza zikishuka, shule hupanda maharage yake. Kila nyumba huleta kikombe kimoja cha mbegu, nyekundu, za njano, za madoadoa, zote zinamwagwa kwenye kapu moja hadi hakuna anayejua za nani ni zipi. Hicho ndicho chakula cha mchana cha watoto, wa aliyeleta na wa aliyekosa. Siku ya kupanda wazazi wanakuja na majembe. Mwaka ule shamba lilikuwa chini yangu, na ufunguo wa stoo nilimkabidhi msichana mmoja wa darasa langu. Alikuwa analelewa na bibi yake. Mkimya, anafagia hata pembe ambazo hakuna anayezitazama. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya katani, na hata akiruka kamba na wenzake alikuwa anaushika kwa mkono mmoja. Nilimpenda yule mtoto, niseme tu ukweli.

Jumatatu ya kupanda tukafungua stoo mimi na yeye. Kapu halipo. Paa lilikuwa limevuja, sakafu nzima maji. Nje wazazi wameshaanza kupiga mistari, mwalimu mkuu yuko mjini kwenye kikao, na mwenye kuulizwa ni mimi.

"Mbegu ziko wapi?"

"Bibi alizichukua, Mwalimu. Azitie majivu, wadudu wasile."

"Kwa ruhusa ya nani? Anazileta lini?"

Akasita. Nikaona midomo inatafuta neno.

"Kesho, Mwalimu."

"Watu wako shambani leo, wewe unaniambia kesho?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kesho. Ziko jikoni."

Aliposema jikoni, hasira zikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikaona nachezewa. Nikaona na sufuria ya bibi ikichemka, na mbegu za kijiji kizima ndani yake. Mtoto akaanza kunieleza tena, safari hii kwa Kiha, haraka haraka. Nikamkata: "Kiswahili!" Akaushika ufunguo shingoni.

Nikamshika mkono, nikamtoa hadi shambani, nikamsimamisha mbele ya wazazi. Nikasema kwa sauti ya paredi kwamba kupanda hakuna. "Huyu na bibi yake wamekula mbegu za watu."

Sikujua uzito wa maneno yale. Kwetu ningemwita mtoto mwizi, watu wangeguna, yangeisha jioni. Huku aliyekula mbegu za wenzake hakuna anayemwita tena kulima naye, wala anayekwenda kumsaidia yeye akiita. Majembe yakasimama. Mama mmoja akamvuta binti yake aliyekuwa karibu na msichana wangu, akamsogeza upande wake. Mimi nikadhani nimeeleweka vizuri.

Bibi mwenyewe alikuwa mle mle kwenye mistari, wala sikuwa namjua. Akaja polepole na jembe lake, akamuuliza mjukuu kwa Kiha. Mtoto akajibu huku analia, na katika maneno yote yale nikashika moja tu, kwa sababu alilirudia: ejo.

Mwenyekiti wa kamati ya shule akanisogelea. "Mwalimu, ulimuuliza nini huyu mtoto?"

"Bibi yake analeta mbegu lini."

"Akasemaje?"

"Kesho."

Akavua kofia. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Kwetu jana ni ejo. Na kesho ni ejo hiyo hiyo. Unaijua kwa jinsi mtu anavyosema. Mbegu zimerudi jana, Mwalimu. Bibi aliona stoo inavuja, akazipeleka jikoni."

"Jikoni kwake?"

"Jikoni hapa, kwa shule."

Nilikwenda mwenyewe. Kapu lilikuwa kwenye uchaga juu ya mafiga, mbegu kavu, zina majivu, kikombe cha kila nyumba kimo. Nikakaa kwenye kigogo cha kuni. Mtoto alitafuta neno langu kwa sababu lake nimelipiga marufuku, akashika lisilo lenyewe, nami nikamwangamiza nalo mbele ya watu.

Nikarudi na kapu kichwani, nikaomba radhi mbele ya wale wale. Nilisema nimekosa, mbegu zipo, mtoto ni mwaminifu na bibi yake ameziokoa. Kiswahili changu chote cha Tanga nilikimaliza pale, na bado nikaona hakitoshi. Bibi akanijibu kwa maneno matatu: "Haya Mwalimu, tupande." Yule mama akamrudisha binti yake kwenye mstari wa msichana wangu, wakapanda pamoja. Kwa wazazi yaliisha palepale.

Saa ya kutoka nikaukuta ufunguo juu ya meza yangu, kamba imezungushwa vizuri. Nikamkimbilia hadi kwenye mikaratusi.

"Ufunguo ni wako. Utakuja kuuchukua lini?"

Akanitazama usoni. "Ejo," akasema.

Ndoo sikumtuma, na sheria ile niliifuta kesho yake. Siku hiyo alikuja mapema, akafagia pembe zote, akanipa shikamoo yangu kwa adabu, akaenda kukaa. Ufunguo hakuugusa. Nikauacha pale mezani wiki nzima, nikauacha mpaka maharage yakachanua.

Sasa nauvaa mimi. Maharage yalipokuwa tayari kuvunwa ndipo nilipoelewa kwamba ile ejo yake ilikuwa jana.