Ratiba Tuliyoipanga Nkowe

Nilikuwa mwalimu wa shule ndogo huko Nkowe, na elimu yangu ilikuwa imeishia darasa la kumi, nilipoamua kujisomea nyumbani kwa ajili ya mtihani wa darasa la kumi na mbili. Vitabu nilivinunua Nachingwea kwa karani mmoja wa yale mashamba makubwa ya karanga, aliyekuwa akifungasha kurudi kwao baada ya kazi kufungwa. Nilivifunga nyuma ya baiskeli, nikarudi nikiimba njia nzima.

Jumamosi ile nilichukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaipiga mistari kwa rula, nikapanga ratiba. Alfajiri hesabu. Nikitoka shule jiografia, kisha historia, kisha Kiingereza. Sikuacha nafasi hata moja tupu. Mke wangu, ambaye tulikuwa tumeoana naye msimu mmoja tu uliopita, alisimama nyuma yangu akitazama. Hakujua kusoma.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyoniita hata nyumbani, "nisomee."

Nikamsomea, Jumatatu hadi Jumapili.

"Palizi iko wapi?"

Nikaipitia tena karatasi; palizi haikuwamo.

"Na msiba ukitokea?"

Nikamwambia msiba haupangiwi saa. Akacheka, akaenda zake jikoni.

Ratiba ile haikumaliza wiki mbili. Nguruwe waliingia kwenye mihogo, kisha tukafiwa na shangazi yangu kule Narung'ombe, tukaenda kukaa matanga. Tuliporudi nikaichana karatasi, nikamfokea mke wangu kwa kosa nisilolijua hata leo. Kesho yake aliniamsha kabla jogoo hajawika, akaniwekea maji ya kunawa uso.

"Anza na hesabu, kichwa bado hakijachoka. Historia tutaisoma shambani."

Nilidhani anatania. Lakini alasiri tukipalilia, yeye mistari miwili, mimi mmoja, alitaka nimsimulie niliyoyasoma. Nikamsimulia wafalme wa Ulaya kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipomgomea, kwa Kimwera. Siku moja aliinuka, jembe mkononi.

"Huyu si jana ulisema amekufa? Leo amefikaje vitani?"

Nilikimbilia kitabu. Nilikuwa nimechanganya baba na mwana.

Basi tukaipanga upya pamoja. Ijumaa na siku ya soko tukaziacha bila somo, na wiki ya palizi tukaiandika palizi.

Mwisho wa mwaka nilikwenda Lindi kufanya mtihani. Barua ya majibu ilipokuja, nilikuwa nimefaulu masomo yote isipokuwa Kiingereza, na sheria ya mtihani ule ilikuwa kwamba ukianguka Kiingereza huna cheti. Niliketi kizingitini, nikaona aibu hata kumwita. Alikuja mwenyewe.

"Lipi limekuangusha?"

"Kiingereza."

"Hilo hukunisomea hata siku moja."

Kweli. Nilikuwa nikilisoma peke yangu, kimoyomoyo, kwa kuwa niliona hawezi kunisaidia. Nilipomwambia hivyo aliendelea kuchambua majani ya kunde.

"Wa kusema ni wewe," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Mwaka wa pili nilimsemesha Kiingereza kila jioni tukimenya karanga, naye akinijibu kwa Kimwera chochote kilichomjia. Kwa lugha ile ngeni nilimwambia mambo ambayo kwa lugha yetu nilishindwa: kwamba naona haya kwa siku ile niliyomfokea, na kwamba nyumba bila yeye nisingeiweza. Jioni moja akaniuliza nimesema nini. Nikamfasiria, macho yangu yakiwa kwenye ungo. Akamenya karanga tatu, nne.

"Rudia kwa Kiingereza," alisema. "Mtihani hauko mbali."

Barua ya pili niliipokea Ruangwa, siku ya soko. Nilikuwa nimefaulu. Nilimkuta shambani, nikamwambia hata kabla sijashuka kwenye baiskeli. Aliketi chini pale pale, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kesho usitegemee nikuamshe," alisema. "Nina usingizi wa miaka miwili."

Asubuhi nikapika uji mwenyewe, ukaungua kidogo. Niliufunika, nikakaa nje kumsubiri. Alipotoka, jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikorosho. Aliuonja, akakunja uso, akaunywa wote.